Kujaza changarawe kwenye visima vya gesi vya mchanga mlegevu: tathmini ya huduma baada ya visima vitatu

Huduma ninayoitathmini hapa haionekani kwa macho ikishakamilika. Iko kilomita kadhaa chini ya ardhi, ndani ya bomba la chuma, na mnunuzi hupokea vitu viwili tu kutoka kwayo: ripoti ya kazi na gesi inayotoka juu. Ni huduma ya kukamilisha kisima cha gesi kilichochimbwa katika mwamba wa mchanga mlegevu, yaani mchanga ambao chembe zake hazijashikana vizuri, kwa kushusha skrini ya kuzuia mchanga na kuizungushia changarawe iliyochaguliwa kwa ukubwa wake. Nimekuwa upande wa mnunuzi, nikisimamia kazi hii kwenye visima vitatu vya hodhi moja (mwamba mmoja unaohifadhi gesi), kila kimoja kwa njia yake na kwa mkandarasi wake, ambao sitawataja kwa majina. Hukumu yangu naitoa mapema: kinachosifiwa kwenye vipeperushi ni skrini, lakini kinachoamua kama kisima kitatoa gesi ni usafi na ujazo wa matundu yenye urefu wa sentimita chache katika ukuta wa kisima, na mnunuzi asiyeyaulizia matundu hayo atalipia chuma kizuri kinacholinda kisima kilichokabwa koo.

Mchanga mlegevu hushikiliwa na mambo matatu dhaifu. La kwanza ni saruji kidogo ya asili baina ya chembe. La pili ni msuguano unaotokana na uzito wa miamba ya juu, unaozikandamiza chembe zisiteleze. Na la tatu, ambalo wengi hulisahau, ni utando mwembamba wa maji unaozivuta chembe pamoja, kama vile mchanga wenye unyevu unavyoweza kufinyangwa ilhali mkavu humwagika. Kisima kinapotoa gesi, shinikizo ndani ya vinyweleo vya mwamba hushuka, mzigo wa juu huhamia kwenye chembe zenyewe, na viungo vilivyokuwa vikiubeba kwa shida huanza kuvunjika. Maji ya hodhi yakifika kisimani, nguvu ya utando ule hupotea na saruji ile kidogo hulainika, na kisima kilichotoa gesi safi kwa muda mrefu huanza kutapika mchanga bila mtu yeyote kugusa vali.

Katika kisima cha mafuta mchanga huo ni kero kubwa. Katika kisima cha gesi ni hatari kwa maisha ya watu. Gesi haina mnato wa kuzituliza chembe, hivyo kila chembe hugonga kona ya bomba kwa karibu kasi yote ya mkondo. Katika hesabu za mmomonyoko wa chuma, kasi hupandishwa kwa kipeo cha takriban 2.6, maana yake ni kwamba kasi ikiongezeka maradufu, chuma huliwa haraka mara sita. Kanuni ya API RP 14E, mwongozo wa Taasisi ya Petroli ya Marekani, ile yenye kigezo cha 100 katika vipimo vya Kimarekani, ambayo wengi huitumia kuweka kikomo cha kasi, inahesabu msongamano wa mkondo peke yake. Kiasi cha mchanga hakimo ndani yake, na kigezo hicho kilikusudiwa mikondo isiyo na chembe ngumu. Kuitumia kama ngao dhidi ya mchanga ni kosa nililolikuta zaidi ya mara moja kwenye michoro iliyokwisha kutiwa saini, na ninaomba yeyote anayesoma haya akalitafute kwenye michoro yake.

Kisima cha kwanza kilipewa bidhaa iliyo rahisi kuliko zote, yaani skrini pekee, ikashushwa ndani ya kesingi, yaani bomba la chuma linaloushikilia ukuta wa kisima, iliyokwisha kutobolewa matundu ya kuingizia gesi, bila changarawe yoyote. Hoja ya mkandarasi ilikuwa kwamba skrini yake, yenye tabaka kadhaa za wavu wa chuma kisichoshika kutu, imesukwa kwa ustadi, na kwamba mchanga wa mwamba wenyewe utaijaza nafasi iliyo kati ya kesingi na skrini, utulie, na kuwa chujio la asili. Kuhusu ubora wa skrini alisema kweli. Niliikagua juu ya mtambo kabla haijashushwa, na sikuona waya uliopinda wala mshono uliochomelewa ovyo. Tatizo ni kwamba nafasi ile haikujaa kwa pamoja wala kwa haraka. Matundu machache yaliyofunguka mwanzo yalielekeza gesi na mchanga moja kwa moja juu ya chuma, sawasawa na mashine ya kupuliza mchanga inavyosafisha kutu karakanani, na sehemu iliyopigwa ikatoboka. Mchanga ulipoonekana kwenye kitenganishi cha juu, skrini ilikuwa haina kazi tena, kwa kuwa skrini yenye tundu moja huupitisha mchanga wote katika tundu hilo. Tulilazimika kukibana kisima kwenye choki, vali inayopunguza mtiririko, hadi mchanga ulipopungua, na tangu siku hiyo kikawa kinatoa sehemu ndogo tu ya gesi tuliyokipangia.

Siilaumu bidhaa kwa kosa la mahali ilipowekwa. Skrini pekee hufanya kazi nzuri katika kisima kisicho na kesingi mbele ya mwamba, ambamo eneo la kuingilia gesi ni kubwa na mwamba huiangukia skrini mapema, mradi mchanga uwe wa ukubwa unaolingana. Vigezo vilivyochapishwa mwaka 1998 na Tiffin na wenzake bado ni mwongozo mzuri (namba iliyo baada ya D ni asilimia ya mchanga, kwa uzito, iliyo kubwa kuliko ukubwa huo): uwiano wa D10 kwa D95 usizidi 10, uwiano wa D40 kwa D90 uwe chini ya 3, na chembe laini zilizo chini ya mikroni 44 ziwe chini ya asilimia 2. Mchanga wetu ulishindwa vigezo viwili kati ya hivyo vitatu. Vipimo vilikuwapo mezani siku mkataba ulipotiwa saini, na hakuna aliyevisoma kwa sauti, mimi nikiwa mmoja wao.

Kabla ya kueleza kisima cha pili inafaa nionyeshe kwa tarakimu kwa nini ninasisitiza habari ya matundu, kwa sababu bila hesabu hii malalamiko yangu yatasikika kama manung'uniko ya mtu aliyekosa gesi. Tuchukue kisima cha mfano kinachotoa mita za ujazo milioni 1 kwa siku zikipimwa juu ya ardhi. Chini kabisa, kwenye shinikizo la megapaskali 20 na joto la nyuzi 80, gesi hiyo hujibana kuwa mita za ujazo 5,600 hivi. Tuseme kesingi imetobolewa kwa urefu wa mita 10, matundu 39 kwa kila mita, kila tundu likiwa na kipenyo cha milimita 19. Eneo la matundu yote 390 likijumlishwa ni kama mraba wa sentimita 33 kwa 33, na gesi yote ya kisima lazima ipenye humo. Ikigawanyika sawasawa, kasi yake ndani ya kila tundu ni takriban mita 0.6 kwa sekunde, polepole kuliko mtu anayetembea.

Sasa jaza matundu hayo changarawe safi ya meshi 20/40, yaani inayopita kwenye chekeche lenye mianya 20 kwa inchi na kubaki kwenye lenye 40, ambayo upenyezaji wake, yaani wepesi wake wa kupitisha gesi au majimaji, ni karibu darsi 120. Mlinganyo wa Forchheimer wa mwaka 1901 unatuambia kwamba upotevu wa shinikizo una sehemu mbili: moja inayokua sambamba na kasi, na nyingine inayokua kwa mraba wa kasi. Katika mafuta sehemu ya pili mara nyingi hupuuzwa. Katika gesi ndiyo inayotawala. Kwa makadirio yangu, kupenya sentimita 5 za changarawe safi kwa kasi ile ya mita 0.6 hugharimu chini ya megapaskali 0.1, kiasi ambacho hakuna mtu atakayekililia. Lakini kama ni tundu moja tu kati ya kumi linalopitisha gesi, kasi hupanda mara kumi, sehemu ya mraba hupanda mara mia, na gharama ile ile ya sentimita 5 inakuwa megapaskali 8 hivi, yaani zaidi ya theluthi moja ya shinikizo lote la hodhi. Na hapo tumesema changarawe ni safi. Tundu likijaa mchanga wa mwamba wenyewe badala ya changarawe, upenyezaji huanguka kutoka darsi 120 hadi darsi 1 au chini yake, na tundu hilo halina tena faida ya kuitwa tundu.

Kisima cha pili kilifundisha somo hilo kwa gharama halisi. Safari hii tulinunua huduma kamili ya kujaza changarawe ndani ya kesingi: kutoboa, kushusha skrini, na kusukuma changarawe kwa pampu ikiwa imebebwa na majimaji mazito. Kazi yenyewe ilikwenda bila ajali, wafanyakazi walikuwa wastaarabu na wenye nidhamu, na ripoti ilisema kwamba karibu changarawe yote iliyopangwa ilifika mahali pake. Mchanga haukutoka hata chembe, na hilo ni jambo ninalolipa heshima yake. Gesi nayo ilitoka kwa unyonge. Tulipopima kisima kwa viwango vinne vya mtiririko, kila tulipoongeza kiwango upotevu wa shinikizo uliruka zaidi ya ilivyopaswa, ishara ya wazi ya sehemu ya mraba, yaani ishara ya matundu machache kupitisha gesi iliyokusudiwa matundu mengi.

Niliirudia ripoti nikiwa na swali moja, na jibu lilikuwamo ndani yake tangu mwanzo. Baada ya kutoboa, kisima kilianza kumeza maji ya chumvi, na ili kukituliza mkandarasi alisukuma donge la majimaji mazito lenye unga wa kalsiamu kaboneti. Donge lilitimiza kazi yake kwa kuziba matundu, kisha halikuyeyushwa kwa asidi kabla ya changarawe kupelekwa. Changarawe ikafika kwenye milango iliyofungwa. Majimaji mazito huibeba changarawe vizuri kuizunguka skrini, lakini ili changarawe iingie ndani ya tundu ni lazima majimaji yatangulie kupenya mwambani kupitia tundu hilo, na tundu lililozibwa halimezi chochote.

Ilikuwaje basi ripoti ikasema kazi imekamilika? Hapa ndipo ninapoikosoa huduma hii kama inavyouzwa kwa kawaida, wala si mkandarasi mmoja. Katika kesingi ya inchi 7, yenye kipenyo cha ndani cha milimita 157, ikiwa na skrini ya milimita 100, nafasi ya pembeni huchukua takriban kilo 18 za changarawe kwa kila mita. Matundu 39 ya mita hiyo hiyo, yakihesabiwa kwa sehemu inayopita kwenye kesingi na saruji, yanachukua kilo moja hivi. Matundu yote yanaweza kubaki matupu na bado asilimia 95 ya changarawe ikaonekana imefika, na mtu aliyezoea kusoma asilimia akatia saini akiwa na amani moyoni. Takwimu inayotakiwa ni kilo za changarawe zilizotoka nje ya kesingi kwa kila mita ya matundu, nayo ni rahisi kuipata: ni tofauti kati ya kilichosukumwa na kilichobaki katika nafasi ya pembeni na ndani ya bomba. Inasikitisha kwamba takwimu rahisi kiasi hicho niliikuta imefukiwa kwenye ukurasa wa mwisho, bila kichwa cha habari.

Kisima cha tatu tulikikamilisha kwa njia ya kupasua na kujaza kwa pamoja, njia iliyoenea kutokana na kazi za Ghuba ya Meksiko tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Pampu husukuma kwa shinikizo linalozidi uwezo wa mwamba kuvumilia, mwamba unapasuka, na changarawe huingizwa kwenye ufa mpaka ncha ya ufa ijae na kusimama. Ufa ukishashindwa kuendelea mbele, usukumaji unaoendelea huupanua kwa unene, na mwisho wake ni bawa fupi, nene, lililojaa changarawe, linalovuka eneo lote lililochafuliwa wakati wa kuchimba na kutoboa. Kwa mwamba mlegevu wenye upenyezaji mzuri, faida haitokani na urefu wa ufa bali na unene wake: gesi inaingia kwenye changarawe kwa eneo kubwa, polepole, na tayari imo katika njia pana inapoukaribia ukuta wa kisima. Shinikizo la kazi hiyo pia huyafungua kwa nguvu matundu mengi ambayo njia ya kawaida ingeyaacha yamelala.

Matokeo yalitofautiana na ya kisima cha pili kiasi kwamba niliomba kipimo kirudiwe. Mchanga haukutoka, na upotevu wa shinikizo ulipanda kwa upole kiwango kilipoongezwa. Hata hivyo njia hii haifai kila mahali. Inahitaji pampu nyingi, mabomba ya shinikizo kubwa, na wataalamu wa kupasua miamba pamoja na wale wa kuzuia mchanga kwa wakati mmoja, na penye maji karibu chini ya gesi ufa unaweza kuyafikia na kuyaalika. Sisi tulikuwa na tabaka nene la udongo mfinyanzi kati ya gesi na maji, na jaribio dogo la kusukuma lililotangulia lilituonyesha shinikizo la mwamba na kasi ya kupotea kwa majimaji kabla ya kazi kubwa. Pasipo tabaka la namna hiyo ningebaki na njia ya pili, nikisukuma kwa maji mepesi na kwa kasi kubwa, baada ya kuyasafisha matundu kwa asidi.

Jambo lililonifurahisha zaidi kwa mkandarasi wa tatu halikuwa pampu zake bali alivyouchukulia mchanga. Alikataa sampuli tuliyompa mwanzoni, iliyochotwa chini ya kisima cha kwanza, akaeleza kwamba mchanga unaochotwa chini ya kisima mara nyingi huwa mkubwa kuliko wa mwamba, kwa sababu chembe laini zimekwisha kuchukuliwa na mkondo; na ule unaonaswa juu kwenye kitenganishi una upungufu wa upande wa pili. Alitaka kipande cha mwamba kilichokatwa wakati wa kuchimba, na alikitaka kila baada ya umbali mfupi, kwa kuwa tabaka moja laini kati ya kumi linatosha kuharibu uchaguzi wote. Kisha alipima kwa chekeche na kwa leza, akijua kwamba leza huona chembe laini ambazo chekeche huzikosa. Kutokana na hapo alitumia kanuni iliyotolewa na Saucier mwaka 1974, kwamba ukubwa wa kati wa changarawe uwe mara 5 hadi 6 ya ukubwa wa kati wa mchanga. Mchanga wa mikroni 110 unadai changarawe ya mikroni 550 hadi 660, na meshi 20/40, ambayo chembe zake ni kati ya mikroni 420 na 840, inakaa humo barabara, ikizuiliwa na skrini yenye mwanya wa milimita 0.3.

Watu wengi huona ni busara kuchagua changarawe ndogo zaidi ili kuwa upande salama, na mkandarasi wetu wa pili alifanya hivyo. Katika gesi usalama huo una bei. Meshi 40/60 ina upenyezaji ulio chini ya nusu ya 20/40, na hasara hiyo hulipwa katika kila tundu kwa maisha yote ya kisima. Changarawe kubwa kupita kiasi nayo huruhusu chembe za mwamba zipenye na kukwama katikati ya mianya yake, na mchanganyiko huo wa changarawe na mchanga una upenyezaji mbaya kuliko kila kimoja peke yake. Kanuni ya mara 5 hadi 6 ilipatikana kwa majaribio yaliyoonyesha mahali ambapo mchanga husimama mlangoni bila kuingia, na sijaona sababu ya kuikimbia kwa woga.

Usafi nitauzungumzia kwa ukali, kwa sababu ndiyo sehemu ya huduma inayopunguzwa kwanza ratiba ikibana. Maji ya chumvi yanayogusa mwamba yanapaswa kuchujwa hadi mikroni 2. Bomba linalobeba changarawe linapaswa kuoshwa kwa asidi kabla ya kazi, la sivyo kutu yote iliyomo ndani yake itafika kwenye matundu kabla ya changarawe. Grisi ya nyuzi za mabomba ipakwe upande wa dume peke yake na kwa brashi nyepesi, maana inayopakwa upande wa jike husukumwa ndani bomba linapokazwa na kuteremka kisimani. Maji yawe na chumvi inayoutuliza udongo mfinyanzi ulio kati ya chembe, kwa kuwa maji matupu yasiyo na chumvi huuvimbisha au kuung'oa ukasafiri na kuziba njia. Kwenye kisima cha tatu nilimwona msimamizi wa zamu akisimamisha kazi ili chujio libadilishwe, ilhali mtambo mzima ukilipiwa kwa saa. Hakuna mstari katika ripoti unaorekodi kitendo cha namna hiyo, lakini gesi tunayoipata leo imepita kwenye uamuzi wake.

Kutoboa nako kuna masharti yake. Kwa kisima kitakachojazwa changarawe, upana wa tundu kwenye kesingi una thamani kubwa kuliko kina chake mwambani, kwa hiyo baruti inayofaa ni ile ya kufungua tundu pana, matundu mengi kwa kila mita, kinyume cha inayopendelewa katika mwamba mgumu. Baada ya hapo kisima kiruhusiwe kusukuma vifusi nje kwa kiasi kinachodhibitiwa. Katika kisima cha pili hatua hii iliachwa ili kuokoa siku moja.

Bidhaa nyingine nilizowahi kupewa zabuni zake nitazitaja kwa ufupi. Kwa kisima cha mlalo kisicho na kesingi, kujaza changarawe kwa maji mepesi hufanya kazi mradi mwamba usimeze maji mengi njiani; maji yakipotea, changarawe hukwama na kuacha sehemu ya mbali ikiwa uchi, na hapo skrini yenye mirija ya kando, ambayo huipatia changarawe njia ya pili ya kupita penye kizuizi, inastahili nyongeza ya bei yake. Skrini za kupanuka, zinazotanuliwa zikiwa ndani ya kisima hadi ziguse mwamba, zinavutia kwa kuacha nafasi pana ya kupitisha gesi, lakini zinadai shimo lililochimbwa kwa unadhifu mkubwa, na shimo la mchanga mlegevu mara nyingi huwa limebomoka pembeni. Resini ya kugandisha mchanga inafaa kwa tabaka fupi na kwa ukarabati wa kisima kisichoweza kupitisha skrini. Kwa tabaka refu ni vigumu kuhakikisha kila sehemu imepata dawa, na sehemu moja iliyokosa ndiyo itakayoleta mchanga.

Anayedhani kinga ya mchanga ni nyongeza ya hiari na atazame majaribio ya gesi ya haidreti, yaani gesi iliyogandamana na maji mfano wa barafu, ambako mchanga ni mlegevu kupindukia. Huko Mallik, kaskazini mwa Kanada, jaribio la mwaka 2007 lilifanywa bila kinga ya mchanga na likakatizwa baada ya saa chache kwa kujaa mchanga; wahusika waliporudi mwaka 2008 wakiwa na skrini, walizalisha gesi kwa takriban siku 6. Machi 2013, katika bonde la Nankai nje ya pwani ya Japani, kisima kilichojazwa changarawe kilitoa gesi kwa siku 6 kisha mchanga ukaingia na jaribio likasimama. Mwamba wa haidreti hulegea zaidi kadiri unavyozalisha, na kwa hiyo mashaka yake ni makubwa kuliko ya hodhi ya kawaida; hata hivyo majaribio haya yanaonyesha kwa uwazi kwamba changarawe isipobaki imejaa na kutulia mahali pake, skrini iliyo nyuma yake hukutana na mkondo ikiwa peke yake.

Sehemu ya mwisho ya huduma ni kukifungua kisima, na wakandarasi wengi huondoka kabla yake. Nadhani waondolewe ruhusa hiyo. Changarawe mpya inahitaji kukazwa taratibu na mkondo. Kisima kikifunguliwa kwa pupa, chembe laini hukimbilia mlangoni kwa wingi na kuziba, au changarawe iliyolegea huhama ikaacha pengo mbele ya skrini. Kwenye kisima cha tatu choki iliongezwa kwa hatua ndogo, kila hatua ikisubiri shinikizo litulie, huku kifaa cha kusikiliza mchanga, kilichofungwa nje ya bomba baada ya kona, kikirekodi mlio wa chembe zinazogonga chuma. Mara mbili mlio ulipanda, na mara mbili tulirudi hatua moja nyuma tukasubiri. Wakuu wetu walichukia ucheleweshaji huo. Mimi ningekubali uongezwe.

Kwa hiyo kati ya huduma tatu nilizonunua, ya kwanza siipendekezi kwa kisima cha gesi chenye kesingi, hata skrini iwe bora kiasi gani. Ya pili naipendekeza kwa sharti kwamba matundu yaoshwe na ijulikane wazi kilichoingia humo. Ya tatu naipendekeza kwa moyo wote palipo na mwamba unaoikubali. Zabuni ya kisima cha nne imekwisha kutolewa, nami nimeondoa ndani yake mstari uliokuwa ukimlipa mkandarasi kwa asilimia ya changarawe iliyofika. Mahali pake pana mistari miwili: kilo zilizotoka nje ya kesingi kwa kila mita ya matundu, na kipimo cha viwango vinne vya mtiririko kitakachofanywa mkandarasi akiwa bado yuko kazini, ndipo malipo ya mwisho yatolewe.